Mawe ya ukingo wa tangi: tuyashike na nini mahali pa baridi?

Wenzetu wa vikundi, somo la leo limetokana na jiwe moja. Kikundi chetu huku Kinangop kilijenga tangi la mawe, na juu ya ukuta tukapanga mawe bapa ya kufunika ukingo. Tuliyapanga jioni moja ya Januari, fundi akiwa na haraka ya kumaliza. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu. Miezi michache baadaye mama mmoja alitua mtungi wake pale ukingoni, jiwe likateleza likaanguka nje. Mguu wake uliponea chupuchupu. Tulipoligeuza lile jiwe, simiti iliyokuwa chini yake ilikuwa unga mtupu.

Ilikosa nini? Wengi wetu tulidhani simiti hukauka kama nguo kwenye kamba. Sivyo. Simiti hushikana na maji yenyewe ndipo iwe ngumu, na kazi hiyo yataka joto. Joto likishuka chini ya digrii 5 za Selsiasi, huenda polepole sana, karibu kusimama. Maji yaliyo ndani yakiganda huvimba kama sehemu 9 kwa 100, na simiti changa haina nguvu ya kuyazuia. Wajenzi wa mabwawa ya kuogelea huko Kanada hupigana na jambo hili kila mwaka. Sisi hatuna majira ya barafu, lakini usiku wa sakitu tunao. Januari 2012 si hata majani ya chai yaliungua?

Sasa, ukiingia kwa duka la hadiwea utaonyeshwa vitu vingi. Gundi nyeupe ya mbao iache kabisa, hata ukiambiwa uitie kidogo kwa simiti: ikilowa maji hulainika tena. Gundi ya vigae iliyo tayari ndani ya ndoo nayo ni ya ukuta wa ndani, si ya ukingo unaonyeshewa mvua. Epoksi, ile ya mikebe miwili, ina nguvu kweli, lakini ni ghali, huchelewa kushika kwenye baridi, na huwasha ngozi. Tena haya ni maji ya kunywa, jameni. Dawa ambayo haikuandikwa kwamba inafaa kwa tangi la maji ya kunywa isiguse maji yetu.

Gundi ya vigae ya unga, yenye simiti ndani, inafaa ikiwa mfuko umeandikwa ni ya nje na ya mahali penye maji. Soma pia joto linalotakiwa. Hiyo ni nzuri kwa mawe yaliyokatwa sawasawa. Mawe yetu ya kuchonga yana mashimo na vilima, kwa hivyo sisi tulirudia simiti ya kawaida: karai moja ya simiti kwa karai tatu za mchanga safi wa mto, maji kidogo tu. Tulichagua simiti ya 42.5 badala ya 32.5 kwa sababu hupata nguvu mapema. Kama pesa zipo, ongezeni ule mpira wa maji unaoitwa SBR, kwa kipimo kilichoandikwa.

Lakini mchanganyiko mzuri hauwezi kuokoa kazi mbaya. Tulianza saa nne asubuhi, jua likiwa limepasha mawe, na saa nane tukaacha. Kila jiwe lilisuguliwa vumbi na kuloweshwa kidogo, maana jiwe kavu hunyonya maji ya simiti. Tulitandaza simiti chini ya jiwe lote. Wale mafundi wa kuweka madonge matano wanaacha nafasi ambamo maji hukaa. Kila mita tatu tuliacha mwanya mdogo tukaujaza silikoni, ili ukingo upate pa kutanukia. Kabla ya giza tulifunika na karatasi ya nailoni, juu yake magunia makavu, na kila siku kwa wiki mbili tulinyunyiza maji mchana, si jioni.

Ya kuzungumzia mkutanoni: Gongeni mawe ya ukingo wa tangi lenu kwa mpini wa nyundo. Ni mangapi yanalia kama debe tupu? Watoto hukaa upande gani wakingojea maji?