KUJIKINGA NAFSI NA NYUMBA: MPAKA WAKE NA ADABU YA SILAHA

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Ndugu msomaji, somo letu la leo lahusu jambo ambalo kila mwenye nyumba, mke na watoto hulifikiri alalapo. Akija mwizi usiku, au akija mtu mwenye panga, nifanye nini? Na mpaka wangu ni upi? Swali hili laulizwa Malindi na Kilifi mjini, na laulizwa zaidi na ndugu zetu wa Ganze, Bamba na Vitengeni, ambako nyumba ziko mbalimbali, ukelele wa mtu wachukua muda kumfikia jirani, na askari huwa mbali.

Wako wanaolijibu kwa ushujaa wa mdomo: "Mpige umalize, uliza baadaye." Na wako wanaolijibu kwa uvivu: "Lililoandikwa litakuwa." Majibu haya mawili yote ni mabaya. La kwanza humtia mtu katika damu ya haramu na katika jela. La pili humwacha mkewe na wanawe bila ya mlinzi, kisha akausingizia uvivu wake jina la tawakali. Baina ya haya mawili iko njia ya kati, nayo ndiyo tutakayoieleza inshallah.

I. KUJIKINGA NI HAKI, NA KUJIHADHARI NI WAJIBU

Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushika hadhari katika Suratun Nisaa, aya ya 71. Katika sura hiyo hiyo, aya ya 102, hata wenye kusali wakiwa katika khofu ya adui wameamrishwa washike silaha zao na hadhari yao. Ikiwa sala haimwondolei mtu wajibu wa kujihadhari, basi usingizi utamwondoleaje? Na Mtume wetu (s.a.w.) alipoulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, alimwelekeza amfunge kwanza kisha ategemee. Kitasa cha mlango wako ndiyo kamba ya ngamia wako.

Tena imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mwenye kuuawa akiitetea mali yake ni shahidi. Na katika Abu Daud na Tirmidhi yametajwa pia nafsi, dini na ahli. Lakini hapa yataka tufahamu vizuri. Hadithi hii yamsifu aliyeuawa hali akijitetea. Haikumpa mtu ruhusa ya kuua kila amshukuye. Wengi huishika nusu ya kwanza ya maneno na kuipeleka wapendako wao.

II. DARAJA ZA KUMZUIA MSHAMBULIZI

Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii humwita mshambulizi "saili", nao wamemwekea mlango wake mbali katika vitabu vya fiqhi. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika Minhaj kuwa saili huzuiwa kwa lililo jepesi, kisha lililo jepesi baada yake. Daraja zenyewe ni hizi:

1. Ukiweza kumzuia kwa maneno, au kwa kupiga ukelele watu wakaja, basi ni haramu kumpiga.
2. Maneno yasipofaa, kwa mkono. Mkono ukitosha, fimbo ni haramu.
3. Mkono usipotosha, kwa fimbo. Fimbo ikitosha, chenye makali ni haramu.
4. Ikiwa hapana kabisa njia nyingine ya kuokoa maisha, hapo ndipo lifikapo lile zito, hata kama litaleta mauti yake, wala hapana kisasi juu ya aliyejikinga.

Na ukiweza kukimbia ukasalimika, au kuingia ngomeni ukafunga, kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa yakupasa ukimbie, na kupigana ni haramu. Kijana asione haya kukimbia; aliyeokoa roho mbili, yake na ya adui yake, hakushindwa.

Kadhalika wanazuoni wamefarikisha baina ya mali na roho. Kutetea mali yaruhusiwa wala si lazima; lakini kuilinda heshima ya mwanamke ni wajibu. Mbuzi hununuliwa mwengine.

Tupige mfano. Mwizi amefungua zizi, wewe ukapiga ukelele, naye akamwachia mbuzi akakimbia. Tangu alipokupa mgongo, hapana tena shambulio. Ukimfuata mpaka kichakani ukamkata, hukujikinga; umelipiza kisasi, na kisasi si chako, ni cha hakimu. Vivyo hivyo wale wanaomzunguka mwizi aliyekwisha kufungwa kamba, huyu ana jiwe na huyu ana mpira wa gari na kibiriti: hao ni wauaji, ijapokuwa ni mia, na kila mmoja ataulizwa peke yake mbele ya Mola wake.

Sheria ya nchi haiko mbali na haya. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, yasema kuwa mtu aliyetumia nguvu kujikinga nafsi au mali atahukumiwa kwa misingi ya sheria ya Kiingereza iliyojengwa juu ya hukumu za mahakama. Misingi hiyo huuliza mambo mawili: Je, alikuwako katika hatari wakati ule ule? Na nguvu alizotumia zililingana na hatari ile? Mahakama hujua kuwa mtu aliyeshtushwa usingizini hana mizani ya dhahabu ya kupimia kila pigo. Lakini hujua pia kupambanua baina ya pigo la khofu na mapigo kumi ya hasira.

III. DHANA SI SHAMBULIO

Sasa twafika penye kiini cha somo, na tunaomba lisomwe kwa utulivu.

Kwa miaka mingi sasa nchi ya Kilifi, na hasa Ganze, imetajwa magazetini kwa jambo la aibu: wazee, wanaume kwa wanawake, kukatwa mapanga majumbani mwao kwa tuhuma ya uchawi. Mara nyingi wauaji ni damu yao wenyewe, watoto, wajukuu na wapwa. Imekuwa mvi, ambayo kwa wazee wetu ilikuwa taji, ni hati ya kifo, hata wako wazee waliotia nywele zao rangi nyeusi ili wasijulikane umri wao. Huko Ganze iko Kaya Godoma, ambako wazee waliotishwa na jamaa zao wamepewa hifadhi. Ni msiba gani mkubwa kuliko mzee kuikimbia nyumba aliyoijenga kwa kumkhofu mtoto aliyemlea?

Na waulizwapo waliofanya hayo, husema: "Tumejikinga. Alikuwa akitumaliza." Basi tulipime neno hili kwa mizani tuliyoiweka. Saili ni mtu aliyekujia kwa tendo linaloonekana na lenye kudhuru wakati ule. Bibi aliyelala kitandani usiku wa manane amekushambulia kwa nini? Mtoto kuugua homa ni ugonjwa, dawa yake iko zahanati. Mvua kukosekana ni amri ya Mungu. Dhana ya moyoni si shambulio, na ndoto si shahidi. Tumekatazwa dhana katika Suratul Hujurat, aya ya 12, na katika aya ya 6 ya sura hiyo tumeamrishwa kuihakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na hata yule mwenye kosa la kweli, kumhukumu si kazi ya vijana wenye mapanga. Ni kazi ya hakimu, kwa ushahidi.

Asiseme mtu wa mjini, "Hayo ni mambo ya bara, sisi hatumo." Ni nani ampigiaye ramli yule kijana, akamwambia kuwa adui yako ni mzee, yu karibu, na nyumba yake yaelekea mashariki? Baadhi ya hao wapiga ramli wamevaa kanzu na kofia kama sisi, na wameweka msahafu mbele yao. Neno lao moja latosha kumwaga damu. Mtume (s.a.w.) ametuonya kuwa mwenye kumwendea mpiga ramli na kumwuliza jambo, hazikubaliwi sala zake siku arubaini. Basi huyo mpiga ramli mwenyewe, aliyelitaja jina la mtu akauawa, hali yake itakuwaje?

Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 nayo imefanya kuwa ni kosa kumtuhumu mtu uchawi, isipokuwa kwa kupeleka mashitaka kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka. Tena wapelelezi na watetezi wa haki za watu wameeleza mara kwa mara kuwa nyuma ya tuhuma hizi hujificha ugomvi wa shamba na mirathi. Kwa hiyo kinga ya kwanza ya mzee ni karatasi: shamba lipimwe na liandikwe, wasia uandikwe mbele ya mashahidi, na Muislamu aijulishe nyumba yake kuwa mirathi itagawanywa kwa faraidh. Kinga ya pili ni kuwa mzee asilale peke yake. Kinga ya tatu ni kuwa kitisho kisidharauliwe. Mzee akiambiwa "hutafika mwezi wa kesho", jambo hilo lipelekwe siku ile ile kwa chifu na kituo cha polisi, liandikwe katika kitabu cha matukio, kile watu wakiitacho OB, na nambari yake ihifadhiwe.

IV. ADABU YA SILAHA

Wako wanaodhani kuwa usalama wote umo ndani ya bunduki. Kwanza, ifahamike kuwa kwa Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haifai mtu wa kawaida kuwa na bunduki au risasi bila ya cheti. Bunduki ya kuficha haimlindi mwenyewe. Humfanya mwizi aitamani na polisi amtafute. Sisi watu wa pwani tumeyaona matunda yake. Tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi waliingia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuchukua bunduki, na fujo zilizofuata ziliua watu zaidi ya 100 na kuwatoa maelfu majumbani mwao.

Ama aliye na cheti, au aliye askari au mlinzi, na azijue adabu hizi. Na ajabu ni kuwa misingi yake tumefundishwa zamani. Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata kwa mzaha, kwani huenda shetani akauteleza mkono wake. Amewaamrisha wapitao msikitini na sokoni na mishale waishike kwenye ncha zake. Na amekataza upanga kupokezanwa ukiwa wazi. Kwa bunduki basi:

1. Ihesabu kila bunduki kuwa ina risasi, hata kama umeitoa wewe mwenyewe.
2. Mdomo wake usimwelekee mtu wala mnyama usiyekusudia kumpiga.
3. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka utakapokuwa tayari kupiga.
4. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake. Risasi hupenya ukuta wa udongo na makuti, na nyuma ya ukuta amelala mtoto wa jirani.
5. Usipige juu kwa furaha ya harusi wala kwa kutisha. Risasi ipandayo hushuka.
6. Bunduki ifungiwe kwa kufuli, na risasi zifungiwe mahali pengine. Mtoto asijue ufunguo uliko.

Na kwa kuwa silaha zilizojaa majumbani mwetu si bunduki, bali ni panga, shoka, upinde na mshale, adabu ni hiyo hiyo. Panga lisiachwe uwanjani usiku, kwani mara nyingi mvamizi hutumia panga alilolikuta. Mshale wenye sumu usiwekwe darini penye watoto. Na mtoto akiokota risasi au chuma asichokijua, asikiguse wala asikichome moto. Watu waondoke na polisi waitwe.

V. MATAYARISHO YA NYUMBA NA MTAA

Mtume (s.a.w.) amefundisha kufunga milango na kuzima taa wakati wa kulala. Katika hayo yote mna hekima ya kinga. Nasi twaongeza haya:

Mlango uwe na komeo la ndani, na nyumba iwe na njia ya pili ya kutokea. Vichaka vilivyo karibu na nyumba vifyekwe. Tochi na simu ziwe karibu na kichwa, na simu iwe na moto. Nambari za dharura katika Kenya ni 999 na 112. Majirani wakubaliane alama ya hatari, ikiwa ni filimbi, debe au ukelele maalumu, na wajue nani atatoka na nani atabaki na watoto. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanzishwa mwaka 2013, kusudi lake ni watu kujuana na kupashana habari. Haukumpa mtu ruhusa ya kupiga wala kuhukumu.

Tena jifunzeni kumhudumia aliyejeruhiwa. Damu imtokayo kwa wingi, kandamizeni jeraha kwa nguo safi na kwa nguvu, wala msiachilie mpaka afike hospitali. Msitie majivu, udongo wala mafuta ya taa. Kisu au mshale uliokwama msiung'oe. Aliyepigwa mshale wa sumu asitembezwe wala asicheleweshwe, kwani sumu ile huushika moyo. Na aliyeshambuliwa achukue fomu ya P3, ili daktari auandike ushahidi wa majeraha yake.

KHITIMISHO

Mukhtasari wa somo ni huu. Jihadhari kabla ya shari. Ikija, ikimbie ukiweza. Usipoweza, izuie kwa lililo jepesi. Ikiondoka, nawe simama hapo hapo. Na asiyekushambulia usimguse, hata ulimwengu wote ukinong'ona jina lake.

Yatupasa sisi tuliosoma somo hili tufanye jambo moja wiki hii: kila mmoja amjue mzee mmoja aliye peke yake katika mtaa au kijiji chake, amzuru, amwulize kama analala salama, na ayapeleke majibu yake panapohusika. Hiyo ndiyo silaha isiyotaka cheti.

Mwenyezi Mungu atulinde na shari za watu, na awalinde watu na shari zetu.

Wabillahi tawfiq.