GOBORE LISILO NA ALAMA

Bunduki za siku hizi hutiwa risasi kwa nyuma, lakini gobore hutiwa kwa mdomoni: kwanza baruti, kisha risasi, na vyote hushindiliwa kwa mdeki. Katika karne ya 19 magobore mengi yaliletwa Unguja, yakapelekwa bara pamoja na misafara ya biashara.

Kijana mmoja alikuta gobore darini mwa nyumba ya babu yake. Nguruwe walikuwa wakila muhogo wa shambani, naye akataka kulitumia usiku ule ule. Babu yake akasema, "Mjukuu wangu, chombo usichokijua usikitumie. Kwanza aitwe fundi."

Fundi alipofika aliuliza, "Je, lina kitu ndani?"

Kijana akajibu, "Halina, fundi, limelala darini tangu sijazaliwa."

Fundi akasema, "Baruti ikiwa kavu haizeeki."

Akasimama kando, asiwe mbele ya mdomo, akatia mdeki polepole hata ukafika mwisho. Akautia alama ya makaa penye mdomo, akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje. Ncha yake haikufika penye tundu la moto. Ilipungua vidole vinne. Basi gobore lilikuwa limeshindiliwa! Kijana akanyamaza kimya. Fundi akatia maji mtutuni, akaliacha hata kesho yake, ndipo akatoa risasi ya mviringo na baruti iliyolowa kama tope.

Baada ya hayo akatafuta kujua ni gobore la namna gani. Bunduki ya mrao huwashwa kwa utambi; ya gumegume kwa cheche za jiwe; ya fataki kwa kikombe kidogo cha shaba chenye dawa iwakayo ikigongwa. Mwanzo wa njia hii ya tatu ni mwaka 1807, pale Alexander Forsyth, mchungaji wa kanisa huko Scotland, alipopata hati ya uvumbuzi wake wa kuwasha baruti kwa dawa ya kugongwa. Vikombe vya fataki vilifuata baadaye.

Kijana akasema, "Hili lina nyundo ya fataki, basi halikufanywa kabla ya mwaka 1807."

"Ngoja," akasema fundi. Akasugua kutu ya ubavuni, yakaonekana matundu mawili ya parafujo yaliyozibwa kwa chuma. "Hapa palikuwa na kisahani cha baruti. Lilikuwa gumegume, likageuzwa kuwa la fataki. Nyundo yatuonyesha wakati lilipogeuzwa, wala si wakati mtutu ulipofanywa."

Kisha akamulika ndani ya mtutu. Raifuli ina mifuo iliyojipinda, nayo huizungusha risasi ili iende sawa. Mtutu huu ulikuwa laini, hauna mifuo. Mkataba uliofanywa Brussels mwaka 1890 ulizuia raifuli zisiletwe sehemu kubwa ya Afrika ila kwa ruhusa maalumu, lakini gumegume zisizo na mifuo ziliweza kuletwa. Kwa hiyo mtutu laini peke yake si dalili ya ukale mwingi.

Mwisho fundi akaufungua mtutu katika mti wake, kwa kuwa alama nyingi hufichwa upande wa chini. Katika mji wa Birmingham, Uingereza, nyumba ya kujaribia mitutu iliwekwa mwaka 1813. Na mitutu ya Liège, Ubelgiji, yaweza kuwa na herufi ELG. Hapa hapakuwa na alama yo yote.

Kijana akauliza, "Basi nani alilifanya?"

Fundi akajibu, "Sijui, wala sitatunga jina. Labda alama zilifutwa kwa tupa, labda hazikutiwa kamwe. Ninalolijua ni hili: mtutu umeliwa na kutu ndani. Ungalipiga nguruwe usiku ule, labda ungalipasuka usoni pako."

Babu akalipeleka gobore kwa polisi, kama sheria itakavyo. Kijana akaenda kukata miiba, akazungushia shamba boma.

MASWALI

1. Fundi alijuaje kwamba gobore limeshindiliwa?
2. Kwa nini nyundo ya fataki haikutosha kuonyesha umri wa mtutu?
3. Fundi alikataa kusema jambo gani, na kwa sababu gani?