Kuambukizwa Mara ya Pili: Je, VVU Huleta Kinga Dhidi ya VVU?

Mtu aliyepona surua kwa kawaida hubaki na kinga dhidi yake maisha yake yote. Je, mtu aliyekwisha kuambukizwa virusi vya UKIMWI (VVU) hukingwa asiambukizwe VVU vya mtu mwingine?

Swali hili lina uzito mkoani Kagera, ambako wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Uchunguzi wa mwaka 1987 ulionyesha kuwa mjini Bukoba asilimia 24.2 ya watu wazima walikuwa na virusi. Bukoba Vijijini na Muleba, asilimia 10. Palipo na maambukizi mengi kiasi hicho, watu wawili wenye virusi tofauti hukutana kwa urahisi.

Tofauti hizo hutokana na makosa ambayo virusi hufanya vinapojinakili. Katika Afrika Mashariki aina zilizoenea ni A, C na D. Kila kirusi hubeba nyuzi mbili za vinasaba. Aina mbili zikiingia katika chembe moja ya damu, kirusi kinachotoka huweza kubeba uzi mmoja wa kila aina. Kinapoingia katika chembe nyingine, kimeng'enya kinachonakili vinasaba huruka kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na uzao wake huwa chotara.

Wataalamu hutambuaje maambukizi ya pili? Hulinganisha vinasaba vya virusi katika damu ya mtu yule yule iliyochukuliwa nyakati mbalimbali, kisha huchora mti wa ukoo. Virusi vilivyobadilika ndani ya mwili hubaki katika tawi moja. Virusi vilivyotoka kwa mtu mwingine hukaa katika tawi jingine.

Njia hiyo ilitumika Rakai, Uganda, wilaya ambayo wakati huo ilipakana na Kagera. Matokeo yalitolewa mwaka 2012: kati ya watu 149 waliochunguzwa, 7 walikuwa wameambukizwa mara ya pili. Kiwango kilikuwa 1.44 kwa kila miaka-mtu 100, yaani sawa na kuwafuatilia watu 100 kwa mwaka mmoja. Kiwango hicho kilikaribiana na kile cha maambukizi ya kwanza katika jamii hiyo hiyo.

Matokeo haya yanaashiria kuwa maambukizi ya kwanza hutoa kinga ndogo. Hata hivyo, yafaa kukumbuka kuwa aliyekwisha kuambukizwa huenda yumo katika hatari kubwa kuliko wengine. Hivyo kinga kiasi fulani huweza kufichika ndani ya hesabu. Ugumu huu ni mojawapo ya sababu zinazofanya chanjo ya VVU iwe kazi nzito.

Kwa wanandoa ambao wote wana virusi, fundisho ni wazi: kuwa na virusi wote wawili hakuondoi haja ya kujikinga, kwani mmoja aweza kumpa mwenzake virusi sugu kwa dawa. Dawa zikitumiwa ipasavyo hadi virusi visionekane katika kipimo, mtu hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana.

Mazoezi

1. Watu 50 wenye VVU wakifuatiliwa kwa miaka 4, kwa kiwango cha Rakai wangapi wangetarajiwa kuambukizwa mara ya pili?
2. Kwa nini damu iliyochukuliwa siku moja tu haitoshi kuonyesha kwamba aina ya pili iliingia baadaye?