Kitafuta Samaki kwenye Kayaki Bila Kutoboa Tundu

Kayaki nyingi za plastiki, zile za kukalia juu, ni za kukodi au za kuazima. Hata mwenye yake husita kuishikia keekee. Maswali haya ni ya mvuvi anayetaka kufunga kifaa cha kutafutia samaki alfajiri na kukifungua jioni, kayaki ikabaki kama alivyoikuta.

Nianze na skrini au na transdusa?

Anza na transdusa, kile kipande kinachozama majini. Skrini hata ukiipakata itasomeka, lakini transdusa ikikaa vibaya, kifaa cha bei yoyote kitakudanganya. Transdusa hupiga mlio kuelekea chini, kisha husikiliza mwangwi. Katika maji ya bahari sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye kina cha mita 15 mwangwi hurudi baada ya sekunde 0.02 tu. Kinachoharibu kazi hiyo ni hewa. Povu kidogo likipita chini ya transdusa, sauti hurudishwa kabla haijafika popote.

Jambo la pili ni kuinama. Transdusa ya kilohezi 200 kwa kawaida hutawanya sauti kwa pembe ya nyuzi 20 hivi. Kwenye mita 15 inaona duara lenye upana wa mita 5 na ushei. Ikiinama nyuzi 10, duara hilo linahama zaidi ya mita 2.5, nawe unashusha chambo pasipo na samaki. Kwa hiyo kila ninachoshauri hapa chini kinalenga kuiweka transdusa wima, ndani ya maji yaliyotulia.

Nitumie vifaa gani?

Bomba la PVC la inchi moja lilale juu ya kayaki, ubavu hadi ubavu, nyuma kidogo ya kiti: kafi lisiligonge, lakini mkono wako ulifikie. Lifunge kwa mikanda kwenye vishikio vya kubebea. Gundi isahau, kwani plastiki ya polithini haishikani na gundi za kawaida. Chini ya bomba weka vipande vya tyubu ya baiskeli ili lisiteleze.

Kwenye ncha ya bomba hilo ning'iniza mkono wa kushikia transdusa, wa bomba la robo tatu inchi, kwa bolti moja ya chuma cha pua na nati yenye masikio. Bolti iwe moja kwa makusudi, ili mkono uzunguke kama bawaba. Kamba ya mpira iuvute kuelekea omo. Kamba ngumu iliyofungwa upande wa tezi iuzuie usipite wima. Ukigonga mwamba au matumbawe, mpira unavutika, mkono unalala nyuma, kisha unarudi mahali pake. Ukikaribia ufukwe, uinue kwa mkono.

Sehemu inayozama itoboe matundu madogo maji yaingie, kwa sababu bomba lililojaa hewa hujiinua. Uso wa transdusa ushuke sentimita chache chini ya tumbo la kayaki. Usawa wake uukague ukiwa umekaa na mzigo umepakiwa. Kayaki tupu huelea kwa namna nyingine kabisa.

Nifunge upande gani?

Upande usiopandia. Kayaki ikipinduka utahitaji ubavu mtupu wa kujivutia juu, usio na bomba wala waya. Skrini nayo iwe chini, mbele ya magoti, na ifungwe kamba ya usalama.

Je, transdusa haiwezi kukaa ndani ya kayaki?

Inaweza. Polithini hupitisha sauti, mradi pasiwe na hewa kati yake na transdusa. Lakini mwangwi hupungua nguvu, na kipimajoto kitasoma joto la plastiki. Kwa kayaki ya kuazima, mkono wa nje ni bora.

Betri gani inafaa?

Ya risasi iliyozibwa, ya volti 12 na ampea-saa 7, yenye uzito wa kilo 2 hivi. Kifaa kikila nusu ampea, nusu ya chaji hutosha saa 7, na betri ya risasi si vizuri kuimaliza zaidi ya hapo. Fyuzi iwe karibu na kichwa chanya, kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. Betri ikae ndani ya kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana. Wakati wa kuchaji itoe humo, kwa kuwa inaweza kutoa gesi inayowaka.

Nitajuaje kwamba imekaa sawa?

Nenda kwenye maji tulivu ushushe bildi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kina. Kamba na skrini zitofautiane kwa kile kimo tu cha transdusa chini ya uso wa maji. Kisha piga makafi kwa kasi. Mstari wa chini ya bahari ukikatika kwenye skrini, kuna povu. Shusha mkono kidogo, ujaribu tena.