Kupiga Picha Gari Linalokimbia

Somo la toleo hili ni la vijana wetu wanaojitafutia riziki kwa kamera. Wengi hupiga picha za harusi na mahafali, na huko hakuna shida kubwa kwa sababu bibi harusi hatoroki. Taabu yaanza pale kitu kinapokwenda mbio.

Kijana mmoja wa kikundi chetu cha Likoni alikopa nauli akaenda Naivasha kupiga picha za Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, yakatoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, na tangu yaliporudi mwaka 2021 yamekuwa yakifanyika huko. Alirudi na picha zaidi ya mia mbili, zote safi, hata kokoto waweza kuzihesabu. Lakini kila aliyeonyeshwa aliuliza lile lile: "Kwani hii gari iliharibikia hapa?" Hakuna aliyenunua, na deni la nauli likabaki. Tulikaa naye tukaziangalia moja moja, na kosa tukalikuta kwenye shata.

Shata ni ule mlango mdogo ndani ya kamera unaofunguka kuingiza mwanga na kufunga tena. Yeye aliuweka 1/1000, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hebu tupige hesabu. Gari la kilomita 90 kwa saa laenda mita 25 kila sekunde. Kwa 1/1000 linasogea sentimita 2 na nusu tu, basi hata magurudumu yanaonekana kama yamesimama. Kwa 1/60 linasogea kama sentimita 42. Ukiishika kamera tuli utapata ukungu mtupu. Lakini ukilifuata gari kwa kamera, ukigeuka sawasawa na mwendo wake, gari linabaki mahali pamoja ndani ya picha, na miti ya nyuma ndiyo inayovutika kama mistari. Hapo mtu ataona mbio.

Simama miguu ikielekea pale utakapopigia, siyo pale gari linapotokea. Bana viwiko mbavuni. Geuka kwa kiuno ulipokee gari likiwa mbali, lifuate, na likifika mbele yako bonyeza taratibu huku ukiendelea kugeuka. Wengi wanakosea hapa: wakibonyeza tu, mwili unasimama, na picha inaharibika. Gari lipite ubavuni mwako, maana linalokuja usoni halifuatiki hivi. Anza na 1/250, ukizoea shuka 1/125, halafu 1/60.

Jua letu la Pwani nalo ni kali. Saa sita mchana, kwa 1/60, itabidi uweke ISO 100 na kulibana tundu la kamera karibu mpaka mwisho, la sivyo picha itakuwa nyeupe. Afadhali asubuhi mapema au jioni. Wenye simu ndio hasa wangoje jioni, kwa kuwa tundu la simu nyingi halibanwi. Tena simu ikiachwa ijiamulie yenyewe, mchana itachagua shata ya haraka tu.

Mazoezi si lazima Naivasha. Boda boda za Kisauni zatosha, au malori ya bandarini kule Changamwe, au matatu za barabara ya Ukunda. (Kivukoni usitoe kamera, utajitafutia maneno na askari.) Boda boda ya kilomita 36 kwa saa inasogea sentimita 17 kwa 1/60, kwa hivyo ukitaka mistari mirefu shuka 1/30.

Jambo moja hatutaki mtu alipuuze. Usisimame upande wa nje wa kona, kwa sababu gari likishindwa kukata kona ndiko linakotupwa. Huko Ureno mwaka 1986 gari la mashindano liliwaingia watazamaji waliosongamana barabarani, watu watatu wakafa. Simama ndani ya kona, mbali na juu kidogo, na macho yakiwa kwenye kamera muweke mwenzako wa kuangalia barabara.

Yule kijana wetu alifanya mazoezi wiki tatu kando ya barabara, jioni jioni. Siku ya kwanza picha 60, nzuri hata moja. Wiki ya tatu, katika 60 zilitoka nne. Moja ilinunuliwa na mwenye boda boda mwenyewe, akaibandika kibandani kwake.