Majivu ya Siklagi (1 Samweli 30)

Daudi na watu wake 600 walirudi nyumbani Siklagi, wakakuta mji umeteketea na familia zao zimechukuliwa na Waamaleki. Mfanyabiashara wa Gikomba aliyewahi kufika sokoni alfajiri akakuta kibanda chake ni majivu anaielewa siku hiyo.

Angalia mpangilio. Kwanza walilia hadi nguvu zikawaishia. Kulia si kukosa imani. Pili, watu walipotaka kumpiga mawe, Daudi alitafuta nguvu kwa Mungu wake. Tatu, aliuliza kama awafuate, ndipo akatoka. Mimi nilisomea biashara, na kule tulifundishwa kuchukua hatua haraka baada ya hasara. Lakini Daudi hakukimbia kabla ya kuuliza. Ukikopa kwa simu usiku ule ule wa hasara, unaweza kujiletea hasara ya pili.

Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka kabisa, wakabaki na mizigo. Wenzao waliporudi na ushindi, wengine walisema hawa wasipewe nyara. Daudi akakataa: fungu ni sawa kwa wote. Ikawa sheria Israeli.

Kwa hivyo ndugu yangu, dada yangu, kama wiki hii huna nguvu ya kuvuka, bado unahesabiwa. Na kama wewe ulivuka, kuna mtu wa ushirika wenu wa nyumbani aliyebaki pale Besori. Usimhubirie. Mpelekee fungu lake.