Magofu Yanayofundisha: Efeso, Karthago na Hippo kwa Kijana Mkatoliki wa Leo



Leo nataka tutembelee magofu. Najua wengine mtasema, "Magofu tena? Mawe ya zamani yana faida gani kwangu?" Subiri kidogo. Kuna miji mitatu ambayo kila Mkatoliki ameshaisikia kanisani, na pengine hajui kwamba bado ipo na inatembelewa: Efeso, Karthago na Hippo. Yote mitatu ilikuwa na Wakristo wengi, maaskofu hodari na makanisa makubwa. Leo ni nguzo zilizoanguka, ngazi za mawe na majani. Swali langu katika somo hili ni moja: Kanisa lililojaa watu linawezaje kuja kuwa gofu? Na je, kwetu haiwezi kutokea?

1. Efeso: mji uliokimbiwa na bahari

Efeso ipo nchini Uturuki, karibu na mji mdogo wa Selçuk. Wakati wa Mtume Paulo ilikuwa bandari tajiri. Watu walitoka mbali kuja kuliona hekalu la Artemi, lililohesabiwa kati ya maajabu saba ya dunia ya kale. Paulo alikaa hapo karibu miaka mitatu. Ukisoma Matendo ya Mitume sura ya 19 utakutana na Demetrio, fundi wa fedha aliyetengeneza vihekalu vya Artemi. Aliona biashara inaanza kuyumba kwa sababu watu wanaacha sanamu, akawachochea mafundi wenzake. Umati ukajaa katika ukumbi wa michezo, ukapiga kelele kwa muda wa saa mbili hivi.

Kijana, ukumbi ule upo mpaka leo! Ngazi zake za mawe zimepanda juu ya mlima, na inakadiriwa kwamba ulichukua watu wapatao 25,000. Unaweza kukaa pale, ukafungua Biblia na kusoma sura ile ukiwa mahali penyewe.

Na hekalu la Artemi je? Imesimama nguzo moja tu, nayo imeunganishwa kwa vipande vilivyookotwa, katikati ya kiwanja chenye majimaji. Ile sauti ya saa mbili imebaki bila hekalu.

Ila tusifurahi haraka. Karibu na bandari ya zamani kuna magofu ya Kanisa la Bikira Maria. Huko ndiko maaskofu walikokutana mwaka 431 katika Mtaguso wa Efeso, wakathibitisha kwamba Maria anaitwa kwa haki Mama wa Mungu. Kila tunaposali Salamu Maria na kumwita hivyo, tunashika imani iliyotetewa pale. Na kanisa lile nalo ni gofu.

Nini kilitokea? Mto uliokuwa ukiingia bandarini ulileta tope mwaka hadi mwaka. Bandari ikajaa, bahari ikasogea mbali, na leo iko kilometa kadhaa kutoka mjini. Biashara ikahama, watu wakahama. Haukuwa msiba wa siku moja. Tope liliingia kidogo kidogo, na kila kizazi kilidhani bandari bado ipo.

Sasa soma Ufunuo sura ya 2, aya saba za kwanza. Kristo analisifu Kanisa la Efeso kwa kazi na uvumilivu wake, kisha analionya kwamba limeuacha upendo wake wa mwanzo, na kwamba lisipotubu kinara chake kitaondolewa. Kumbe waliambiwa mapema. Walikuwa na bidii na mafundisho sahihi, ila upendo ulikuwa unapoa polepole, kama tope lile.

2. Karthago: wasichana wawili na uwanja mmoja

Tuvuke bahari tuje Afrika. Karthago ipo pembezoni mwa Tunis, mji mkuu wa Tunisia. Warumi waliiteketeza mwaka 146 kabla ya Kristo, baadaye wakaijenga upya, ikawa kati ya miji mikubwa kabisa ya dola yao. Leo unaweza kuona mabafu makubwa ya Antonini kando ya bahari, kilima cha Byrsa na mabaki ya uwanja wa michezo ya kikatili.

Kwa mapokeo ya Kanisa, katika uwanja huo, tarehe 7 Machi mwaka 203, waliuawa Perpetua na Felista pamoja na wenzao. Katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza padre huwataja kwa majina, na mara nyingi sisi yanatupita tu masikioni.

Perpetua alikuwa na umri wa miaka kama 22, binti wa familia yenye hadhi, msomi, mama wa mtoto anayenyonya. Felista alikuwa mtumwa mwenye mimba ya miezi minane. Walipokamatwa walikuwa bado wakatekumeni. Ubatizo waliupata wakiwa tayari chini ya ulinzi. Gerezani Perpetua aliandika mwenyewe yaliyompata, na maandishi hayo tunayo hadi leo. Ni kati ya maandishi ya kale kabisa tuliyonayo yaliyotoka mkononi mwa mwanamke Mkristo.

Humo anasimulia jinsi baba yake, ambaye hakuwa Mkristo, alivyokuja kumsihi aikane imani. Perpetua akamwonyesha chombo kilichokuwa pale, akamuuliza kama kinaweza kuitwa kwa jina lingine tofauti na kile kilivyo. Baba akajibu hapana. Basi, akasema, na mimi siwezi kujiita kitu kingine, ni Mkristo. Baba alirudi tena na tena, akilia, akimwomba amhurumie mzee wake na mtoto wake. Hapo ndipo ugumu wenyewe ulipo. Kumpinga adui ni jambo moja. Kumkatalia baba anayekupenda na analia mbele yako ni jambo lingine.

Felista alijifungua binti gerezani siku chache kabla ya kifo, na mtoto akalelewa na mwanamke Mkristo. Yule bibi wa familia tajiri na yule mtumwa wakaingia uwanjani pamoja, na kabla ya kuuawa mashahidi wale wakapeana busu la amani. Katika mji ambao mtumwa alihesabiwa kama mali, Kanisa likawaweka wote wawili katika sala moja, jina kando ya jina.

Kuna jambo hapa linalotuhusu moja kwa moja sisi wa Afrika Mashariki. Aliyeongoza uchimbaji wa magofu mengi ya Kikristo ya Karthago ni padre Alfred Louis Delattre. Mwanzoni mwa karne ya 20 alipata, katika mabaki ya basilika, vipande vya jiwe vyenye majina ya mashahidi hao. Delattre alikuwa wa shirika la Wamisionari wa Afrika, wale ambao wengi tunawaita White Fathers, walioanzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algiers mwaka 1868. Shirika hilohilo ndilo lililotuma msafara uliopita Bagamoyo mwaka 1878 kwenda bara, na mwaka 1879 wakafika Buganda. Karoli Lwanga na wenzake walipata imani kupitia kwao, na tarehe 3 Juni 1886 wakachomwa moto Namugongo. Kwa hiyo ukienda hija Namugongo, ujue kuna njia inayokuunganisha na uwanja wa Karthago.

3. Hippo: mzee kitandani, adui langoni

Hippo ipo Algeria, katika mji unaoitwa sasa Annaba. Magofu yake yana kiwanja cha mji, soko, mabafu, na mtaa wa Wakristo wenye mabaki ya basilika na kisima cha ubatizo. Hapa Mtakatifu Augustino alikuwa padre tangu mwaka 391, kisha askofu kwa zaidi ya miaka 30.

Vijana wengi tunampenda Augustino kwa sababu ya ujana wake na machozi ya mama yake, Mtakatifu Monika. Leo mimi nataka umtazame akiwa mzee. Mwaka 410 mji wa Roma ulitekwa na kuporwa, na watu wakadhani dunia imekwisha. Augustino akaanza kuandika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, akieleza kwamba miji ya wanadamu huinuka na kuanguka, na Mkristo asifunge tumaini lake kwenye kuta za mji wowote. Kazi hiyo ilimchukua zaidi ya miaka kumi.

Halafu jambo lenyewe likamfika mlangoni. Mwaka 430 jeshi la Wavandali liliuzingira mji wa Hippo. Augustino, mwenye miaka 75, aliugua akiwa ndani ya mji uliozingirwa. Possidius, rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake, anasema aliomba zaburi za toba zibandikwe ukutani karibu na kitanda, akazisoma akilia. Alifariki tarehe 28 Agosti. Baadaye mji ulichomwa, lakini vitabu vyake vilisalimika.

4. Kwa nini Kanisa la huko lilizimika?

Hapa naomba usikimbie. Mwaka 411 mkutano ulifanyika Karthago, wakahudhuria maaskofu Wakatoliki zaidi ya 280, na wa upande wa Wadonati, waliokuwa wamejitenga, idadi inayokaribia hiyo. Maaskofu zaidi ya 500 katika sehemu moja ya Afrika! Sasa ruka hadi mwaka 1076. Papa Gregori VII anaandika kwa masikitiko kwamba katika Afrika hiyo hawapatikani hata maaskofu watatu wa kumweka wakfu mwenzao.

Ni rahisi kusema, "Waarabu walikuja, basi." Ni kweli Karthago ilichukuliwa mwaka 698. Lakini Misri nayo ilichukuliwa, na hadi leo ina mamilioni ya Wakristo Wakopti. Kwa hiyo lazima kulikuwa na sababu za ndani pia. Wanahistoria hutaja kadhaa:

- Mgawanyiko. Kwa zaidi ya miaka mia moja Wakatoliki na Wadonati waligombana, miji mingi ina maaskofu wawili wanaoshindana. Nguvu iliishia humo.
- Lugha. Kanisa lilisali na kusoma kwa Kilatini, lugha ya miji. Watu wengi wa mashambani walisema lugha za Kiberberi au Kipuni, na hatujui tafsiri yoyote ya Biblia katika lugha hizo kutoka zama zile. Wakopti walikuwa na Maandiko katika lugha yao wenyewe, Waethiopia pia.
- Kuondoka kwa viongozi. Hali ilipokuwa mbaya, wengi waliokuwa na uwezo walivuka bahari kwenda Ulaya. Waumini wa kawaida wakabaki bila wachungaji.

Sisemi haya ili tuwanyoshee kidole ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wanaoishi karibu na magofu hayo leo. Nasema ili tujitazame. Sisi leo parokia zimejaa, Misa tatu Jumapili na watu wanasimama nje. Karthago nayo ilijaa. Kujaa hakutoshi. Kama kwenye jumuiya ndogo ndogo hatuonekani, kama viongozi wa VIWAWA wanagombea vyeo mpaka kikundi kinavunjika, kama imani yetu ni maneno ya kukariri ambayo hatujawahi kuyaeleza kwa lugha ya moyoni, basi tope limeshaanza kuingia bandarini.

5. Huna nauli ya Tunisia? Anzia Bagamoyo

Wengi wetu hatutafika Efeso kesho. Lakini Bagamoyo ipo. Tembelea misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu iliyoanzishwa mwaka 1868, kisha uende kwenye makaburi ya wamisionari. Soma tarehe kwenye misalaba. Utaona ni wangapi walikufa wakiwa vijana, muda mfupi baada ya kufika. Karibu na hapo kuna magofu ya Kaole, misikiti na makaburi ya zamani ya Waswahili. Na mwenye uwezo wa kufika kusini, asikose Kilwa Kisiwani.

Ukienda, nakuomba mambo matatu. Vaa kwa heshima, kwa sababu sehemu nyingi ni mahali pa sala au makaburi ya watu. Usichukue hata kipande cha jiwe wala kuandika jina lako ukutani. Na kabla ya kupiga picha, kaa kimya dakika kumi, ujiulize waliojenga hapa walitumaini nini.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kikundini)

1. Upendo wangu wa mwanzo kwa Kristo ulikuwaje? Ni "tope" gani linaloujaza polepole?
2. Perpetua aliweza kusema kwa neno moja yeye ni nani. Mimi ningejibu nini mbele ya mtu ninayempenda anayenitaka niache imani?
3. Katika kikundi chetu kuna ugomvi gani unaokula nguvu ya wote? Nani aanze kuumaliza?

Tusali: Bwana Yesu, wewe unatembea katikati ya makanisa yako. Tunakushukuru kwa Perpetua, Felista, Augustino na Karoli Lwanga, vijana na wazee wa Afrika waliokupenda mpaka mwisho. Tuamshe tunapopoa, tupatanishe tunapogawanyika, na utufanye sisi kuwa mawe hai ya nyumba yako. Amina.

Wiki hii fanya jambo moja dogo: soma Ufunuo 2:1-7 polepole, halafu umtafute mwanakikundi mmoja ambaye hajaonekana muda mrefu. Mungu akubariki.